Kutafuta na kutengeneza hitilafu za mabomba nyumbani bila kuona

Mkono uliolowa hauwezi kutambua unyevu. Ninaanza na jambo hili kwa sababu ndilo lililonipotezea muda mwingi kuliko yote katika miaka ya mwanzo ya kujitengenezea mabomba nyumbani kwangu, Tabata. Nilikuwa ninaingiza mkono chini ya sinki, ninagusa maji, kisha ninagusa kila kiungio kilichofuata na kukikuta kimelowa, kumbe maji nilikuwa ninayabeba mwenyewe kwenye vidole. Siku hizi kazi ya kwanza ni kukausha. Ninafuta mabomba yote kwa kitambaa, kuanzia ukutani hadi sakafuni, ninafuta mikono hadi katikati ya vidole, ninasubiri kama dakika 10, kisha ninachukua vipande vya karatasi ya chooni na kukizungushia kila kiungio kipande kipya, nikianzia juu kwenda chini. Kiungio cha kwanza kitakacholowesha karatasi ndicho chenye kosa, na vyote vilivyo chini yake huenda vimelowa kwa kupitiwa tu na maji.

Karatasi kavu ina uwezo kuliko jicho. Siku moja kijana wa jirani alikuja kunimulikia tochi chini ya beseni la kunawia, akaangalia kwa makini, akaniambia, "Mjomba, hapa pakavu kabisa." Nilipobana karatasi kwenye nati aliyoionyesha ilitoka imelowa upande mmoja, laini kama ugali wa mgonjwa. Maji machache yanayotambaa juu ya plastiki nyeupe hayang'ai, na kijana hakuwa na kosa lolote.

Maelezo yanayofuata yamepangwa kwa dalili, kwa sababu mtu huanza kwa kusikia au kugusa kitu kisicho cha kawaida kabla ya kujua ni kipi kimeharibika. Nimechukulia kwamba msomaji haoni kabisa. Mwenye uoni hafifu ataongeza msaada wa macho yake pale unapofaa, ingawa ninamshauri asiyategemee kwenye giza la chini ya sinki.

Kabla ya kufungua chochote

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina njia mbili za maji, na wakati mwingine tatu. Ipo njia inayotoka kwenye mita ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, na kulisha koki ya uani moja kwa moja, ipo njia inayopanda kwenye tangi na kushuka tena hadi bafuni na jikoni, na wenye kisima wana njia ya pampu inayoingia kwenye tangi hilohilo. Kwa hiyo kufunga valvu ya kwenye mita hakuzuii maji ya bafuni, kwa sababu tangi la lita 1,000 lililoko juu ya mnara litaendelea kushusha maji yake hadi liishe. Watu wenye macho hufanya kosa hili mara nyingi; tofauti ni kwamba wao huona sakafu inavyojaa.

Tenga asubuhi moja, bila kuwa na hitilafu yoyote, uzitambue valvu zako zote kwa mkono. Zile zenye mpini mrefu wa kugeuza robo mzunguko hujieleza zenyewe: mpini ukilala sambamba na bomba maji yanapita, ukikatisha bomba maji yamefungwa. Zile zenye gurudumu dogo la duara hazijielezi, hivyo inabidi kuzifunga hadi mwisho na kuhesabu mizunguko ya kufungua, na ni vizuri kuzichezesha kila baada ya miezi michache, maana valvu iliyokaa mwaka mzima bila kuguswa, hasa kwenye maji ya chumvi ya kisima, hukwama siku unapoihitaji. Kila valvu nimeifunga waya wa kufungia vyuma vya nondo: waya mmoja kwa njia ya DAWASA, miwili kwa maji yanayoshuka kutoka kwenye tangi, mitatu kwa njia ya pampu. Vibandiko vya nukta nundu vinafaa ndani ya nyumba, lakini uani jua na mvua huvibandua.

Upande wa kuzungusha nati huwachanganya watu wote wanapolala chali chini ya sinki, ambako kulia na kushoto hubadilishana. Usikariri mwendo wa mshale wa saa. Kunja vidole vya mkono wa kulia kama unayeshika chupa, elekeza kidole gumba upande ambao unataka nati isogee, na vidole vyako vinne vitakuonyesha upande wa kuizungusha. Ikiwa unataka nati ishuke, gumba lielekee chini. Ikiwa unataka ipande, gumba lielekee juu. Kanuni hii haibadiliki hata ukiwa umejikunja nyuma ya choo, mradi utumie mkono wa kulia.

Vifaa ninavyotumia ni vichache: bisibisi mbili, moja ikiwa ndefu; spana ya bomba; spana ile ya kupanua na kubana, ambayo mafundi wameipa jina nisiloweza kuliandika hapa; tepu nyeupe ya mafundi bomba; ndoo; na trei tupu ya mayai. Trei hiyo ina thamani kuliko vyote. Ina vikombe 30, na kila kitu ninachokifungua ninakiweka kwenye kikombe chake kwa mpangilio wa kukifungua, kuanzia kona ya kushoto iliyo karibu nami. Wakati wa kurudisha ninaanza na cha mwisho. Kabla ya kufungua koki yoyote iliyo juu ya sinki, ziba tundu la sinki kwa kitambaa, kwa kuwa skrubu iliyotumbukia humo huenda isipatikane tena.

Koki inadondoka

Kwanza tambua aina ya koki. Ile ya kuzungusha mara mbili au tatu hadi ifunge ina kipande cha mpira ndani, ambacho mafundi hukiita washa. Ile inayofunga kwa kugeuza robo mzunguko tu haina washa. Ndani yake mna vigae viwili vidogo vinavyotelezeana. Tofauti hii inaamua kila kitu, kwa kuwa ya kwanza hutengenezwa kwa kubadilisha mpira wa bei ndogo sana, na ya pili hubadilishwa kichwa kizima cha ndani.

Kwa koki ya washa, funga maji, acha koki wazi hadi iishiwe, kisha toa mpini na ufungue nati kubwa iliyo chini yake. Kichwa chote kitatoka mkononi, na mwisho wake utagusa washa. Washa nzima ni bapa na laini. Iliyochoka ina mfereji wa duara uliochimbwa na kiti cha chuma inachokalia, au imekuwa ngumu na kupasuka ukingoni. Usiishie hapo. Ingiza kidole kidogo ndani ya mwili wa koki hadi ukikute hicho kiti, yaani ukingo wa duara ambao washa huukandamiza, na ukizunguke polepole kwa ncha ya kidole. Kikiwa laini pande zote, washa mpya itatosha. Ukikuta pengo dogo, hata la upana wa unywele, maji yatapita hapo na kukwangua kila washa utakayoweka, na ndiyo sababu ya watu wengi kulalamika kwamba wamebadilisha washa mara tatu ndani ya mwezi. Koki ya namna hiyo, ikiwa ni ya bei ya kawaida, ibadilishe yote.

Nenda dukani na kichwa chenyewe mfukoni, usiende na maelezo. Mimi nina kamba yenye vipande viwili vya mfano, kimoja cha nusu inchi na kingine cha robo tatu inchi, kwa sababu ukubwa huo hutajwa kwa tundu la ndani na mara nyingi huwapotosha hata wauzaji: uzi, yaani mifereji ya kuzungushia, wa nusu inchi una upana wa karibu milimita 21 kwa nje, na wa robo tatu una karibu milimita 26. Kwenye maduka ya Gerezani, Kariakoo, mwuzaji mwenye haraka ataweka kaunta kile anachodhani unakitaka. Mwambie kwa upole, "Kaka, naomba nivishike vyote viwili," na uvilinganishe hapohapo, uzi kwa uzi, kabla ya kutoa fedha.

Ikiwa koki inadondoka shingoni, kwenye mpini, na si mdomoni, na inadondoka tu inapokuwa wazi, tatizo ni mpira mdogo unaozunguka mhimili. Mara nyingine kukaza nati ya shingoni kwa robo mzunguko kunamaliza.

Koki ikiwa inavuja mahali inapoingia ukutani, inahitaji tepu mpya. Safisha uzi kwa mswaki mkavu hadi usihisi mabaki, kisha zungusha tepu kati ya mara 8 na 12 ukiivuta ibane. Ili kujua kama umeizungusha upande sahihi, pitisha kidole juu ya tepu ukienda kinyume cha upande ambao koki itazungushwa inapoingia. Kidole kikiteleza, umepatia. Kikiinua ukingo wa tepu, umeizungusha kinyume, nayo itajikunja na kutoka wakati wa kukaza.

Tangi la choo halinyamazi

Huu ndio ugonjwa wa mabomba ambao, kwa maoni yangu, asiyeona anautambua vyema kuliko mtu yeyote, kwa sababu dalili zake zote ni za sauti. Sikiliza kwa dakika 15 nyumba ikiwa kimya. Ukisikia mlio mwembamba usiokatika, maji yanaingia kwenye tangi bila kukoma. Ukisikia kimya, kisha mlio wa sekunde chache, kisha kimya tena, na mambo yakajirudia kila baada ya muda, basi maji yanatoroka polepole chini, kina kinashuka, boya linafungua ili kufidia, halafu linafunga.

Kwa mlio usiokatika, ondoa kifuniko cha tangi na ukilaze sakafuni mbali na miguu yako, kwa kuwa ni cha udongo wa kauri na kikivunjika kina makali ya wembe. Ingiza mkono, tafuta boya, liwe tufe lililo kwenye mkono wa chuma au kikombe cha plastiki kinachopanda kwenye nguzo, na uliinue taratibu. Mlio ukikoma, boya ni zima ila limewekwa juu mno: lishushe hadi maji yasimame upana wa vidole viwili chini ya mdomo wa bomba la wima la katikati, ambalo kazi yake ni kumeza maji yanayozidi. Mlio usipokoma hata boya likiinuliwa hadi mwisho, mpira wa valvu ya kuingizia maji umechoka au umekwamishwa na mchanga. Mchanga ni wa kawaida hapa kwetu baada ya mgao wa maji, na tena wakati wa masika, mto Ruvu, chanzo cha maji yetu, unapochafuka. Hivyo fungua kofia ya valvu, ioshe, ijaribu tena, na ubadilishe ikiwa imeshindikana. Tufe likiwa zito na ukisikia maji yanacheza ndani yake, limetoboka.

Kwa mlio unaokuja na kwenda, wenye macho huambiwa watie rangi kwenye tangi na kuangalia kama itatokea bakulini. Sisi tunatumia mpira wa kufungia noti. Funga koki ndogo iliyo ukutani nyuma ya choo, vika mpira huo kwenye bomba la wima usawa wa uso wa maji, uondoke kwa saa moja. Ukirudi, gusa. Maji yakiwa chini ya mpira, tangi linavuja kuelekea bakulini, na mara nyingi kosa ni kifuniko cha mpira kilicho chini kabisa, ambacho kwa maji ya chumvi hupata magamba magumu unayoweza kuyakwangua kwa ukucha. Lakini zingatia mahali maji yaliposimama. Yakishuka hadi chini kabisa, kosa liko kwenye kifuniko hicho. Yakishuka kiasi na kusimama hapohapo hata baada ya saa nyingine, bomba la wima lina ufa kwenye kimo hicho, na kubadilisha mpira wa chini hakutasaidia kitu.

Maji hayatoki, au yanatoka kwa unyonge

Swali la kwanza ni moja: ni koki moja au ni zote? Koki moja ikiwa nyonge na zilizobaki zikiwa nzima, fungua kichujio kidogo cha mdomoni kwa kukizungusha, ukigonge kiganjani. Mchanga na vipande vya tepu ya zamani hukusanyika hapo. Bomba la mvua la maji ya kisima hufanya magamba kwenye vitundu. Liloweke kwenye siki usiku kucha, kisha utoboe vitundu kwa sindano ukivihesabu kwa mstari.

Koki zote zikiwa nyonge, chunguza tangi. Hakuna haja ya kupanda mnara, na ninasihi mtu asiyeona asipande peke yake. Ikiwa tangi liko chini au unalifikia kwa mkono, ligonge kwa kifundo cha kidole kuanzia juu: palipo na hewa panalia kama ngoma, palipo na maji panajibu kwa sauti fupi iliyokufa. Alasiri kuna njia nyingine. Jua la Dar es Salaam hupasha plastiki ya tangi jeusi kwa nguvu, na sehemu isiyo na maji nyuma yake huwa ya moto zaidi. Pitisha mgongo wa mkono kutoka juu kwenda chini na utahisi mpaka.

Tangi likiwa tupu ilhali koki ya uani ya DAWASA inatoa maji kwa nguvu, boya la tangi limekwama limefungwa. Koki ya uani nayo ikiwa kavu, huenda ni mgao, kama ule wa Oktoba 2022 maji ya Ruvu yalipopungua. Hapo hakuna cha kufungua.

Tangi likiwa limejaa na koki za ndani zikikohoa, zikitema hewa na maji kwa zamu au zikikataa kabisa, hewa imenaswa ndani ya bomba. Hutokea tangi linapokauka wakati wa mgao kisha likajazwa. Fungua koki ya chini kuliko zote na uiache wazi. Mara nyingi baada ya kukohoa dakika chache maji hunyooka. Yakikataa, chukua mpira safi wa bustani, unganisha koki ya uani yenye maji ya nguvu ya DAWASA na koki ya bafuni iliyokataa, fungua bafuni kwanza, kisha uani, kwa muda wa dakika moja hivi. Mtu aliye karibu na tangi atasikia viputo. Funga uani na uondoe mpira mara moja, usiuache umeunganishwa, kwa sababu maji ya DAWASA yakikatika ghafla, maji ya tangi lako yanaweza kurudi kwenye bomba la mtaa.

Lipo jambo moja lisilo hitilafu ambalo huhesabiwa kuwa hitilafu. Maji yanayoshuka kutoka kwenye tangi hupata nguvu kutokana na kimo tu, na kila mita moja ya kimo hutoa karibu sehemu moja ya kumi ya bar, kipimo cha nguvu ya maji. Tangi lililo mita 3 juu ya koki haliwezi kutoa zaidi ya bar 0.3, hata ukibadilisha koki zote za nyumba. Ndiyo maana ninashauri kupima mapema: weka ndoo ya lita 10 chini ya kila koki, hesabu sekunde za kuijaza kwa saa ya simu, na uhifadhi hesabu hiyo. Koki ya jikoni kwangu hujaza ndoo kwa sekunde 70. Ikifika 120 ninajua kuna kitu kimeziba, na sihitaji kubishana na mtu kuhusu kama maji ni madogo au ni hisia zangu.

Sinki halipitishi maji, au pananuka

Uliza kwanza kama kuna mtu wa nyumbani aliyemimina dawa ya kuzibulia. Kama yupo, usiingize mkono wala usifungue chochote chini ya sinki. Dawa hizo huunguza ngozi, na maji yaliyotuama yanabaki nazo.

Kama hakuna, weka ndoo chini ya sinki na ushike kile kikombe au kona iliyopinda inayobaki na maji. Nati zake za plastiki hufunguka kwa mkono. Ndani utakuta mafuta yaliyoganda, majani ya chai, punje za wali na miiba ya dagaa, vyote vimeshikana kama tope la mfinyanzi. Vaa glavu nyembamba hapa, kwani kipande cha glasi iliyovunjika wiki iliyopita hukaa humo kikisubiri. Unaporudisha, gusa pete ya mpira izunguke yote ndani ya mfereji wake, na usitie tepu: kiungio hiki huzuia maji kwa mpira, hakitegemei uzi, na tepu huifanya nati ikae upande. Kisha jaza sinki hadi juu, achia maji yote kwa mkupuo, na uzungushe karatasi kavu.

Ikiwa kikombe ni safi na maji bado hayaendi, sikiliza vyombo vingine. Mtu anapovuta maji ya choo, sakafu ya bafu ikigugumia au maji yakipanda kwenye tundu lake, kizuizi kiko mbele, kwenye chemba ya maji taka au shimo la choo. Wakati wa masika shimo huweza kujaa kwa maji ya ardhini na hakuna waya utakaosaidia hadi livutwe. Chemba mimi huifungua nikiwa na mtu mwingine tu, na kabla ya kuinua kifuniko ninakilaza kiti cha plastiki pembeni kama mpaka ambao mguu wangu hautauvuka. Hewa ya shimoni huua, kwa hiyo usiinamishe kichwa ndani yake ili kusikiliza.

Harufu bila kuziba ina sababu nyepesi zaidi. Tundu la sakafuni kwenye bafu lisilotumika hukauka maji yake, na njia ya harufu inabaki wazi. Mimina lita 2 za maji na kijiko cha mafuta ya kula juu yake, ambacho hupunguza kukauka.

Ukuta una unyevu, au ankara imepanda

Pitisha mgongo wa mkono ukutani na upime kwa viganja kutoka sakafuni. Unyevu unaoanzia sakafuni na kupanda kwa usawa hadi magotini kwenye ukuta mzima, ukiwa na unga wa chumvi unaobaki vidoleni, mara nyingi unatoka ardhini. Doa lililo katikati ya ukuta, kwenye mstari mmoja na koki, ni la bomba. Doa lililo chini ya kiyoyozi ni la kiyoyozi hadi ithibitike vinginevyo, na joto lake hulitambulisha: maji ya kiyoyozi ni baridi, ilhali maji ya tangi alasiri ni ya uvuguvugu. Nilishawahi kumzuia fundi asibomoe vigae kwa kigezo hicho pekee.

Kwa ankara iliyopanda, subiri saa 8 usiku, tangi likiwa limejaa na koki zote zimefungwa. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye bomba lililo karibu na mita, na mpini wake kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Ukisikia mnong'ono usiokoma, maji yanapita. Funga valvu ya njia ya kwenda kwenye tangi. Mnong'ono ukikoma, uvujaji uko mbele ya valvu hiyo. Ukiendelea, uko kati yake na mita, au uko upande wa mtaani, na huo wa mtaani ni wa kuripoti DAWASA, usiufukue.

Uvujaji ulio baada ya tangi hausikiki hivyo. Kwa huo, funga maji yanayoingia kwenye tangi usiku, acha yanayotoka yakiwa wazi, na asubuhi kabla ya mtu yeyote kuoga, fungua tena ya kuingia na usikilize tangini. Kukiwa kimya, hakuna kilichopotea. Ukisikia maji yanaporomoka, kina kimeshuka usiku. Rudia usiku unaofuata ukiwa umefunga na ya kutoka: kikishuka tena, ni tangi lenyewe au viungio vyake, kisiposhuka, ni mabomba ya ndani, na hapo unarudi kwenye vyoo kabla ya kuhisi ukuta.

Pampu inawaka na kuzimika

Pampu inayowaka na kuzimika kila baada ya dakika chache, koki zote zikiwa zimefungwa, kwa kawaida inaeleza habari ya uvujaji mahali pengine au ya valvu isiyozuia maji kurudi kisimani. Inayonguruma bila kuleta maji mara nyingi imepoteza maji yake ya kuanzia. Chomoa plagi kabla ya kuigusa, usitosheke na swichi, na usiisogelee ukiwa peku kwenye sakafu iliyolowa. Hita ya bafuni siifungui kabisa.

Kazi nyingine ninayomwachia fundi ni kuunganisha mabomba ya plastiki ngumu kwa pasi ya moto, ambayo hufikia nyuzi 260. Ninachomwomba ni kwamba asizibe ukuta kabla sijagusa kiungio kikiwa kimepoa. Ninakuja na kamba yangu yenye fundo kila sentimita 25, ninapima kutoka kona ya mlango na kutoka sakafuni, kisha ninajirekodi kwenye simu: ukuta wa bafu upande wa jikoni, mafundo 5 kutoka mlangoni, mafundo 3 kutoka chini, kiwiko cha nusu inchi, kimewekwa leo.